Kipande cha Futi Moja na Nusu

Nyumbani kwangu,
Makueni.
Jumatatu, 9 Septemba 2024.

Dada yangu mpendwa Kanyiva,

Pokea salamu zangu kutoka huku milimani, zikiwa zimejaa vumbi la Septemba lakini ni salamu safi. U hali gani? Mgongo je? Na ule mkono wa kushoto, bado unakusumbua asubuhi kukiwa na baridi? Shemeji Muli hajambo? Nthenya naye amemaliza mitihani? Mwambie mjomba wake hajasahau habari ya baiskeli, asije akaniaibisha tena mbele ya watu. Sisi huku ni wazima, tunamshukuru Mungu. Waruguru anakusalimu sana, watoto pia wanakusalimu, na yule ng'ombe mwekundu uliyesema hatazaa kamwe amezaa, tena ndama jike, kwa hivyo safari hii umeshindwa na ukubali.

Barua hii utaletewa na Jonah, yule wa pikapu ya maparachichi anayeuza Tulia siku ya soko. Nimemwonya asikupe mbele ya wateja wako wa ndengu. Nakujua, utaifungua papo hapo na kuisoma kwa sauti. Isome ukiwa nyumbani, umekaa.

Najua pia unajiuliza kwa nini huyu mtu anaandika barua kama wazee wa zamani na simu anayo. Dada, simu nimejaribu mara tatu. Mara ya kwanza uliniuliza bei ya misumari mpaka salio likaisha. Mara ya pili ulikuwa kanisani. Mara ya tatu uliitika, ukaniuliza lile swali lako la kila siku, nami nikakata simu. Nilikutumia ujumbe kwamba mtandao umepotea. Haukupotea. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza, wala huwezi kusikia sauti yangu ikitetemeka, kwa hivyo vumilia.

Wacha nianze na habari njema. Kuna ranchi huko chini, upande wa barabara ya Mombasa, wanataka kuzungusha ua mpya wa waya shamba lote. Seng'enge nyuzi tano, kilomita nane na zaidi, kona kumi na nne. Ni kazi ya mwaka mzima na labda zaidi, na ukitoka hapo jioni unafika nyumbani ukiwa bado na nguvu za kuongea na watoto wako. Si unajua vile nimeishi miaka hii? Wiki tatu huku, mwezi mzima kule, nikirudi mtoto wa mwisho anajificha nyuma ya mama yake ati kuna mgeni. Nilipoisikia kazi hiyo niliitaka vile mgonjwa anavyotaka maji.

Mkuu wa kazi pale anaitwa Evanson Kiama. Ni mtu wa Nyeri, mtaratibu, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka, na kidogo ni ndugu wa Waruguru kwa upande wa mama, ingawa hilo halikunisaidia hata kidogo. Fundi aliyetangulia alimjengea ua wa kupendeza machoni, nguzo zimenyooka, waya umekaza, na mvua ya kwanza ilipolainisha udongo kona zote ziling'oka na ng'ombe wakatokea lami. Tangu siku hiyo Bwana Kiama haamini kitu kilicho juu ya ardhi. Aliniambia ana sharti moja tu. Nimwonyeshe kona niliyoijenga kwa mkono wangu ikasimama zaidi ya miaka kumi, tena niichimbue mbele yake aone chini pakoje. Chini pakiwa pazuri, kazi ni yangu. Pakiwa pabaya, nisirudi tena pale.

Mzee Kitonga wa Kilungu alikuwa amekaa karibu wakati Bwana Kiama ananiambia hayo, maana ndiye aliyenipeleka kwake. Alifurahi kupita mimi. Akasema kumbe Mungu ni mwema, kwani yeye amemgawia mwanawe sehemu ya shamba na ile kona ya juu tuliyomjengea, pale kwenye vichaka vya lantana, ni lazima ihamishwe. Kona ya miaka kumi na miwili! Akamwambia Bwana Kiama kwamba mafahali wake wameisukuma kona hiyo kwa vifua, wameikwaruza kwa pembe, mvua za gharika zimeipita, na haijainama hata kidogo. Akanipiga mgongoni na kunisifu. Nami nikatabasamu.

Dada, hiyo ndiyo kona ya Ijumaa ile. Sasa shika kiti vizuri.

Unakumbuka vile ulinifunza. Baba alipotuacha ulikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, ukachukua mtaimbo wake na plaisi yake ya kusokotea waya na kuingia kazi ambayo wanaume wa Tawa walikuwa wanakucheka wazi wazi. Walisema msichana anayetumia mkono wa kushoto atasokota waya nyuma mbele, na kweli ulikuwa unausokota nyuma mbele, na waya wako hakuna aliyeufungua. Mimi ulinibeba kama mzigo wa pili. Ulinifunza kwamba ua ni kona, hayo mengine ni mapambo. Nguzo ya kona na nguzo ya pili, mti wa kulala kati yao, na waya wa mshazari kutoka chini ya kona kwenda juu ya nguzo ya pili, usigeuze. Ukapaka mtaimbo rangi nyekundu kwenye futi tatu, na sheria yako ilikuwa moja: shimo la kona lazima limeze rangi. Ukigonga mwamba hujamaliza, umeanza. Utawasha moto juu ya mwamba, utaumwagia maji baridi upasuke, au utaniita tuisogeze kona. Lakini usipande nguzo mpaka rangi imezwe. Nilikuwa nimechoka kuyasikia maneno hayo, haki ya Mungu.

Ijumaa hiyo ulishuka Nunguni kutafuta misumari ya kushikia waya, ukaniacha peke yangu na shimo la kona ya juu. Nilichimba kwa bidii. Nilipofika futi moja na nusu mtaimbo ukalia ngaa! Mwamba. Nikasogea kando kidogo, mwamba. Kuwasha moto ni kazi ya siku nzima, na mimi saa kumi nilikuwa na miadi Tawa na msichana fulani wa duka la vitambaa ambaye, baada ya miezi minne ya kukataa, alikuwa amekubali tunywe soda. Ndiye huyo huyo anayenipikia muthokoi leo. Basi nilifanya kitu cha kipumbavu ambacho ni fundi wa ua tu anayeweza kukifikiria. Nilichukua msumeno nikaikata nguzo upande wa chini, futi moja na nusu kamili, ili juu ya ardhi ilingane na nguzo zingine. Mti uliotiwa dawa kiwandani, nikauondoa ule mwisho wake na kuacha kidonda kibichi kimeangalia mchwa. Kile kipande nikakitupa ndani ya lantana. Nikashindilia udongo, nikafunga waya wa mshazari, nikanawa mikono.

Uliporudi ulinikuta nimekaa kivulini. Ukaniuliza kama nimegonga mwamba, nami nikakujibu kwamba hakukuwa na mwamba, rangi yote imemezwa. Ulishika nguzo ukaitikisa. Ukaniangalia. Kisha ukasema niende mapema kama nina safari, wewe utamalizia kukusanya vifaa. Nilikimbia huo mteremko bila hata kuaga.

Hiyo ndiyo siri niliyoibeba miaka kumi na miwili, na imeniuma kuliko unavyodhani. Tangu siku hiyo sijawahi kukata nguzo nyingine. Watu husema Mbaluka ni fundi mwaminifu, na kanisani waliwahi kunisimamisha kwa sababu hiyo, nami nikasimama pale kama mwizi aliyevaa suti. Nilikuwa nikipita Kilungu nazunguka njia ya mbali nisiione hiyo kona. Nilikuwa nikijiambia ni muujiza, Mungu anashikilia nguzo ya mwongo kwa ajili ya mafahali wa Mzee Kitonga ambao hawana hatia.

Sasa sikia ya Jumatano iliyopita. Tulifika asubuhi, mimi, Bwana Kiama na Mzee Kitonga. Mama Kavindu, mke wa Mzee, naye akaja polepole na fimbo yake, akaketi juu ya jiwe bila kualikwa na mtu. Nililegeza waya, nikatoa mti wa kulala, nikaanza kuchimba kuzunguka nguzo. Nilichimba kama futi moja hivi, mikono ikagoma. Dada, sikuweza. Niliona sasa hivi mtaimbo utalia pale pale ulipolia, na huyu mtu ataona kwa macho yake, na mimi nitajifanya nimeshangaa. Nikajiambia hapana, afadhali nikose kazi kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikauweka mtaimbo chini, nikavua kofia, nikawaambia yote. Mwamba, msumeno, kipande, soda ya Tawa, yote. Nilimwambia Bwana Kiama kwamba nguzo anayoiona imesimama juu ya futi moja na nusu tu na kwamba sijui ni kwa nini haijaanguka.

Bwana Kiama alifunga daftari lake, akatazama bondeni. Nilikuwa tayari nimeanza kuokota vifaa vyangu wakati Mama Kavindu alipogonga fimbo chini na kusema mbona nimeacha, nimalizie kuchimba. Nikamwambia hakuna kitu cha kumalizia, mama, chini ni mwamba. Akasema nichimbe upande wa juu, palipo na udongo laini. Akasema kwa ukali, vile mama anavyomwambia mtoto anawe miguu.

Nikachimba. Futi mbili kutoka kwenye nguzo nikakuta waya umeingia ardhini kwa mshazari, waya mnene, mara mbili, mweusi kwa oili. Nikaufuata kama mtu anayefuata mzizi wa muhogo. Ulikuwa umefungwa chini kwenye nguzo na kushuka, ukashuka, nikachimba mpaka kifuani. Kwanza nikakuta jiwe kubwa. Nikaliviringisha kando kwa taabu. Chini ya jiwe, kimelazwa kimya kama mtoto, kulikuwa na kipande cha nguzo. Futi moja na nusu. Upande mmoja una alama za msumeno wangu, ule mkato wangu wa haraka uliokwenda kombo. Ncha zote mbili zimepakwa oili chafu na lami, hakuna jino la mchwa hata moja. Na waya uliokizunguka ulikuwa umesokotwa nyuma mbele.

Aiya, dada! Nilikaa ndani ya hilo shimo. Nililia mbele ya mtu wa Nyeri mwenye kofia ya sufu, na sikujali.

Hapo ndipo Mama Kavindu alipofungua mdomo. Alisema Jumapili ile, siku mbili baada ya mimi kukimbilia Tawa, wote walikuwa kanisani isipokuwa yeye, maana mguu ulikuwa umevimba. Alikuona ukipanda peke yako na mtaimbo, sufuria ya oili na waya mabegani. Alikuja kukuuliza kuna nini siku ya Bwana, nawe ukamwonyesha kile kipande ulichokitoa kwenye lantana, ukamwambia kuna kitu kidogo kilisahaulika. Uling'oa nguzo, ukaipaka chini, ukairudisha. Ukachimba shimo la kando, ukazika kipande changu kikae kama nanga ya kuvuta kona. Na ulipokuwa unaviringisha lile jiwe likae juu yake, mtaimbo uliteleza, jiwe likaukuta mkono wako wa kushoto. Anasema hukupiga kelele. Alichana leso yake akakufunga na vijiti viwili, na udongo uliobaki ukausukuma kwa miguu. Kisha ukamwapisha. Asimwambie mtu, hata mumewe, mpaka siku Mbaluka mwenyewe atakapopachimba.

Kanyiva. Ulituambia uliteleza kisimani na mtungi. Mama alikaa wiki nzima akilaani kile kisima. Mimi mwenyewe nilikwenda nikakipangia mawe usiteleze tena! Ulifungwa plasta, na ilipotolewa mkono ulikuwa hauwezi tena kusokota waya, ukanikabidhi plaisi ya baba ukasema umechoka na jua na unataka kuuza nafaka. Watu wakasema afadhali, kazi haikuwa ya mwanamke. Nami nikaipokea plaisi nikifurahi, Mungu anisamehe, nikifurahi kwamba sasa mimi ndiye fundi.

Nilikukasirikia, nikueleze ukweli. Jumatano nzima na Alhamisi nilikuwa na hasira. Kwa nini hukunipiga? Kwa nini hukuniburuta kwa sikio mpaka pale juu ukanionyesha? Ningepasua huo mwamba kwa meno. Waruguru ndiye aliyenituliza. Nilipomweleza, akaniuliza wewe Kanyiva huwa unanisalimu vipi ukipiga simu. Nikamwambia wewe huwa unasalimu vibaya, kabla ya watoto, kabla ya hali ya hewa, lazima uulize kwanza kama nimegonga mwamba. Miaka kumi na miwili, swali hilo hilo. Nilidhani ni mazoea ya kazi. Waruguru akanitazama tu, akaendelea kupembua maharagwe, nami nikatoka nje nikasimama na ng'ombe.

Ulikuwa unanifungulia mlango, dada. Kila simu. Na kila mara nilikujibu kwamba mwamba hakuna, mambo ni sawa.

Basi sasa nakujibu. Ndiyo, niligonga mwamba. Nilikata nguzo, nikakudanganya, na mkono wako ulivunjika juu ya uongo wangu. Nakuomba msamaha, mwiitu wa mwaitu, mtoto wa mama yangu. Na zaidi ya msamaha nakushukuru, ingawa sijui neno la shukrani linalotosha kitu kama hiki. Nyumba yangu, ng'ombe wangu, ada ya watoto, hata huyo Waruguru ambaye hangeolewa na mtu asiye na kazi, vyote vimefungwa kwenye waya uliousokota Jumapili ile. Ni muvea, Kanyiva. Ni muvea muno.

Kazi je? Najua umeruka mistari kutafuta hapo. Bwana Kiama aliingia shimoni na viatu vyake vizuri, akachuchumaa, akaupima ule msokoto kwa kidole, akajaribu kuulegeza akashindwa. Akauliza aliyesokota yuko wapi. Nikamwambia yuko Tulia, anauza ndengu, na mkono wake hauwezi tena. Akasema hahitaji mkono wake, anahitaji macho yake. Kazi atanipa, lakini hakuna kona itakayowekwa nguzo kabla huyo dada hajalichungulia shimo na kuridhika. Ameandika hivyo kwenye karatasi na kutia sahihi. Kona kumi na nne. Atakutumia gari kila tukifika kwenye kona, nawe utalipwa kama msimamizi. Utakaa kwenye kiti na mwavuli, na ruhusa ya kunifokea unayo, kama zamani. Kipande chetu nimekiosha, kiko mlangoni kwangu, na watoto wamekatazwa kukikalia.

Nisalimie shemeji Muli, umwambie asinikasirikie sana. Msalimie Nthenya na jirani zako wa sokoni. Waruguru anakutumia kitenge, kiko chini ya maparachichi, Jonah asijifanye amesahau. Mzee Kitonga na Mama Kavindu wanasema Mungu akutunze, na Mama Kavindu anaongeza kwamba leso yake ya maua bado hujamlipa.

Jonah atarudi huku Ijumaa asubuhi, na kiti cha mbele ni chako. Tumeanza ranchi leo. Shimo la kona ya kwanza nimelichimba mwenyewe, na kwenye futi mbili nimegonga mwamba. Nimeliacha wazi, sijagusa nguzo. Nimelifunika na bati kwa sababu ya mbuzi, nakungoja.

Ni mimi ndugu yako,
Mbaluka.